Dhambi, Deni na Uchafu: Habari za Maneno ya Ondoleo katika Kiswahili cha Kanisa

Kila Jumapili, katika makanisa ya pwani na ya bara, Wakristo hukiri mbele ya Mungu ya kwamba wamekosa, nao huomba wasamehewe na kutakaswa. Maneno hayo hutoka kinywani upesi, kwa kuwa tumeyazoea tangu utoto. Lakini hayakushuka kutoka mbinguni yakiwa tayari. Yalitafutwa, yakachaguliwa, mengine yakakataliwa. Na waliotafuta walikuwa watu wa namna nyingi: Wajerumani na Waingereza, kadhi wa Mombasa, vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na wazee wa bara ambao majina yao hayakuandikwa. Sisi walimu, ambao kazi yetu ni kuwaandaa watu kwa ubatizo na kwa meza ya Bwana, yatupasa kuzijua habari za maneno hayo, kwa maana mtu alisikiapo neno husikia pamoja nalo desturi zote za watu waliolitumia kabla yake. Akisikia "dhambi," hufahamu jambo moja. Akisikia "deni," jingine. Akisikia "najisi," jingine kabisa. Na mara nyingi twadhani tumemfundisha Injili, kumbe yeye amesikia habari za kuogeshwa tu.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Tarehe 8 Juni mwaka ule ule alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Muhidin. Mwezi uliofuata mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Hata hivyo kazi haikuachwa, na mwaka 1847 sura tatu za kwanza za Mwanzo zilipigwa chapa huko Marekani, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Msomaji na azingatie: Maandiko ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa yalikomea mlangoni pa bustani. Mtu amekula tunda, amejificha, amemsingizia mwenziwe, amefukuzwa. Na hapo kitabu kimekwisha.

Twaona pia ya kuwa msaidizi alikuwa kadhi, yaani mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuamua mambo ya haki na kosa, ya tohara na unajisi, ya toba na kafara. Wala halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu pwani ilikuwa imekwisha kuyapokea maneno hayo katika Uislamu karne nyingi kabla Mzungu hajatua Mombasa na kalamu yake. Dhambi, toba, tubu, msamaha, maghufira, tohara, najisi, kafara, fidia: yote haya yana asili ya Kiarabu, na yote yalikuwa yakisemwa misikitini na barazani. Mfasiri hakukuta nyumba tupu. Alikuta nyumba yenye vyombo, naye alipaswa kuchagua vipi vya kutumia, vipi vya kuosha kwanza, na vipi vya kuacha.

Tuanze na neno "dhambi" lenyewe. Karibu nalo Kiswahili kina neno lake cha asili, "kosa," litokalo katika kitenzi "kukosa." Mwindaji akitupa mkuki usimpate mnyama, husemwa amekosa. Basi, wale wajuao Kiyunani watatuambia ya kuwa neno la Agano Jipya, hamartia, latoka katika kitenzi chenye maana hiyo hiyo, kukosa shabaha. Na kitenzi cha Kiebrania kisemacho kutenda dhambi ndicho kitumikacho katika Waamuzi 20:16 juu ya wapiga teo wa Benyamini, walioweza kutupa jiwe kwa unywele wasikose. Kwa asili ya maneno, basi, "kosa" ndilo ndugu halisi wa hamartia, na "dhambi" ni mgeni. Lakini Kanisa lilimketisha mgeni penye kiti kikubwa na ndugu likampa kigoda. Tulipokuwa shuleni, kosa lilikuwa ni hesabu isiyopatana na jibu la kitabu. Dhambi ilikuwa ni jambo la kumwendea padre au mchungaji.

Je, wafasiri walifanya vema? Sisi twasema walifanya vema, ijapokuwa kuna hasara. Lugha ya pwani ilikuwa imekwisha kulipa neno "dhambi" uzito wa jambo litendwalo mbele ya Mungu, hata kama hapana binadamu aliyeliona. Uzito huo haukuwamo katika "kosa," na mfasiri hawezi kuutia kwa nguvu. Hasara ni hii: mwenye kusikia "dhambi" huhesabu matendo, moja, mbili, tatu, kama mtu ahesabuye alama katika daftari, hasikii habari za mtu mzima aliyeelekea upande usio wake, kama mkuki uliokwenda kombo tangu ulipotoka mkononi.

Si wote waliokubali wageni hao. Karl Roehl, aliyekuwa mmisionari wa Kilutheri huko Usambara, aliona ya kuwa Kiswahili cha Biblia kimelemewa na Kiarabu, na ya kwamba watu wa bara wangelifahamu Neno upesi zaidi kama lingesemwa kwa maneno ya Kibantu. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Wengine walimpinga kwa nguvu, wakisema ya kuwa lugha si shamba la kupalilia, na ya kwamba neno likiisha kukaa midomoni mwa watu ni lao, liwe limetoka Maskati au Manyema. Biblia ya Muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na kitabu kizima mwaka 1952, ilifuata njia ya kati, nayo iliyabakiza maneno makubwa ya Kiarabu tuliyoyataja. Ugomvi ule ulikuwa na faida yake: uliwalazimisha watu kuuliza kila neno limebeba mzigo gani.

Sasa tuje katika "deni," maana hapa pana jambo zito. Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi kusali, Injili ya Mathayo husema habari za madeni, na Injili ya Luka habari za dhambi. Biblia ya Muungano imefuata tofauti hiyo; Wakatoliki katika sala yao hutumia neno "makosa." Lakini hata katika Luka, mahali pa watu waliotukosea, Biblia ya Muungano hutumia kitenzi cha zamani ambacho vijana wa leo hawakijui tena: "kuwia." Kuwia ni kuwa na haki ya kumdai mtu, kuwiwa ni kudaiwa. Paulo naye katika Warumi 1:14 asema ya kuwa anawiwa. Tumewauliza wanafunzi wengi maana ya neno hilo, na wengi wao hudhani ni namna ya kusema "kuwa." Wengine hulichanganya na "niwie radhi," ambalo ni neno jingine, maana hilo ni kitenzi "kuwa" katika hali ya kutendea. Ni vizuri mwalimu asilipite neno hili kimya. Mtu asiyejua kuwia na kuwiwa hukiomba kifungu kile cha sala bila kujua ameahidi nini.

Pia katika nchi zetu deni halikuwa jambo la daftari la duka tu. Deni liliweza kula mtu. Iko habari moja iliyopigwa chapa huko Ufaransa mwaka 1870, ya msichana wa Kiyao aliyeitwa Swema, kama alivyoisimulia yeye mwenyewe kwa Padre Horner na masista wa misioni ya Unguja. Mama yake alikuwa mjane, akakopa nafaka kwa jirani wakati wa dhiki, akashindwa kulipa. Ulipofika msafara wa mfanyi biashara Mwarabu, mwenye kudai akamchukua mtoto kuwa malipo ya deni. Mama akaomba achukuliwe pamoja naye, asitengwe na mwanawe; akafia njiani. Swema alifika Unguja mwaka 1865 akiwa amekonda hata akadhaniwa amekufa, au karibu kufa, akafukiwa mchangani ilhali angali hai. Kijana mmoja alisikia sauti yake, akamfukua na kumpeleka kwa masista.

Haikuishia hapo. Baada ya muda aliletwa katika hospitali ya misioni Mwarabu mwenye jeraha, aliyeumia katika mapigano na manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa. Na Swema, aliyekuwa akisaidia kuwauguza wagonjwa, alimtambua. Alikuwa ndiye yule bwana wake. Habari yasema ya kuwa alishindana sana na moyo wake kabla hajaweza kumhudumia na kumsamehe. Twajua ya kuwa kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya kuwaamsha Wakristo wa Ufaransa watoe sadaka zao, na kalamu ya mwandishi yaonekana humo mahali pengi. Lakini mashina ya habari, yaani njaa, deni, msafara na kaburi la mchanga, ni mambo ambayo kila mtu aliyeijua pwani ya zamani zile ameyakuta kwingine. Nasi twauliza: mtoto yule alipofundishwa kuomba asamehewe kama yeye anavyosamehe, alisikia nini? Sisi hulisema neno hilo tukifikiri jirani aliyetutukana. Yeye aliuzwa kwa sababu ya deni, kisha akaambiwa amwachilie mdeni wake. Na mdeni wake alikuwa amelala mbele yake, jeraha lake likihitaji kufungwa.

Hapa ndipo neno "kukomboa" lilipopata nguvu yake. Kabla ya kuwa neno la Kanisa, lilikuwa neno la rehani na la soko. Mtu aliyeweka kitu rehani hukikomboa kwa kulipa. Ndugu wa mtu aliyetekwa humkomboa kwa mali. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Siku ya Noeli ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale, na Noeli ya mwaka 1877 ibada ya kwanza ilifanywa ndani yake. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874, ndiye aliyesimamia ujenzi, na yeye huyo ndiye aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Vijana waliookolewa katika majahazi walifundishwa katika kiwanda cha chapa cha misioni kupanga herufi za risasi. Kwa hiyo neno "Mkombozi" lilipangwa herufi kwa herufi na vidole vya watu waliowahi kutiwa bei. Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lile.

Neno la tatu ni la kuosha. Katika jambo hili Kiswahili ni tajiri kuliko lugha nyingi za Ulaya. Sisi hatuna kitenzi kimoja cha kuosha vitu vyote. Vyombo huoshwa; mikono na uso hunawiwa; mwili huogwa, na mtoto huogeshwa; nguo hufuliwa; na mwenye kwenda kusali msikitini hutawadha. Pilato, basi, hakuosha mikono yake, alinawa, na Biblia ya Muungano imesema hivyo kwa haki. Lakini tazameni Zaburi ya 51. Daudi hutumia vitenzi mbalimbali vya kutakasa, na kile cha kwanza, ambacho kwa Kiswahili kimefasiriwa kwa "kuosha," katika Kiebrania si cha kuosha mwili wala chombo. Ni cha dobi. Ni kuikanyaga nguo, kuipiga, kuikamua hata uchafu ulioingia katika nyuzi utoke. Daudi hamwombi Mungu ammiminie maji, aomba afuliwe. Ni kweli ya kuwa Kiswahili hakisemi "nifue" juu ya mtu, na mfasiri angelichekwa. Mwalimu aweza kueleza, hata hivyo, na kila mwanamke aliyewahi kupiga nguo juu ya jiwe mtoni atafahamu mara moja ya kuwa kutakaswa si jambo la dakika wala si jambo lisilouma. Katika Ufunuo 7:14 nguo ni nguo kweli, na hapo Biblia ya Muungano yasema waziwazi "wamefua."

Zaburi ile ile hutaja theluji. Watu wa pwani hawakupata kuiona, nao walipewa neno la Kiarabu kwa kitu wasichokijua. Twapenda kukumbuka ya kuwa Johannes Rebmann, mwenziwe Krapf wa Rabai, aliuona weupe wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika habari zake, na wataalamu wa Ulaya waliokaa vitini mwao wakakataa wakisema haiwezekani kuwa na theluji karibu na ikweta. Wachaga hawakuhitaji kuthibitishiwa. Kwa Mchaga zaburi ile yasema habari za kitu akionacho asubuhi atokapo nyumbani.

Tena, watu wa lugha zetu kadhaa walipotafuta neno la kumwita Mungu na Roho wake, walilichukua lile lile la usafi. Kiswahili kina "takata," kuwa safi, na humo zimetoka "takasa" na "takatifu," ijapokuwa karibu yake limesimama "taka" lenye maana ya kinyume. Wakikuyu humwita Roho kwa neno "theru," yaani safi. Waganda husema "mutukuvu," litokalo katika kitenzi cha kuwa safi. Nasi tulio na "utukufu" twasikia sauti ile ile, lakini kwetu imekwenda njia nyingine, ikawa ni fahari na enzi. Kwa Kiebrania utakatifu kwanza ni habari ya kutengwa kwa ajili ya Mungu, usafi hufuata. Kwetu usafi umetangulia. Haukuwa uteuzi mbaya, lakini huufanya uchafu kuwa picha ya kwanza ya dhambi katika mawazo ya wasikilizaji wetu, na hapo ndipo desturi za zamani huingia kwa mlango wa nyuma.

Maana desturi za utakaso zilikuwako kila mahali. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, watu huadhimisha mwaka mpya wa jua kwa sikukuu iitwayo Mwaka Kogwa. Jina lenyewe latoka katika "kuoga": mwaka huogwa. Wanaume hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba. Huwezi kumwambia mtu wa Makunduchi ya kuwa kuoga na kusamehe ni mambo mawili yasiyohusiana. Yeye amekwisha kuyaunganisha tangu kale. Kadhalika kafara ya pwani. Kwa sheria ya Kiislamu kafara ni malipo ya kosa fulani, kama vile kuvunja kiapo. Lakini watu wa mitaani walilipanua: kafara ni kile kitolewacho ili balaa ipite, kikatupwa njia panda au baharini, wala hapana mtu apendaye kukiokota, kwa kuwa kimechukua uovu. Asomaye Mambo ya Walawi 16, habari za mbuzi apelekwaye jangwani, ataona jinsi mambo hayo yanavyokaribiana. Hata hivyo Biblia ya Muungano haikupenda kumwita Kristo kafara, katika 1 Yohana 2:2 ilichagua "kipatanisho," litokalo katika "kupatana." Twaisifu hekima hiyo. Kafara hutupwa, na mtu huenda zake bila kuonana na yeyote. Kupatana huhitaji wawili walioketi pamoja.

Bara, kwa Wakikuyu, liko neno "thahu." Mtu aliyegusa maiti amepatwa na thahu, hata kama aliigusa kwa bahati mbaya, hata kama alikuwa akimsaidia jirani. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya desturi za Wakikuyu kilichotoka mwaka 1938, na waandishi wengine kabla yake, wameeleza jinsi mganga alivyomtakasa mtu huyo kwa mnyama aliyechinjwa, akimtaka autapike uchafu ule. Na jina la tendo hilo latoka katika kitenzi cha kutapika. Wamisionari wa kwanza waliyaita mambo hayo ushenzi, wakapita. Sisi twaona hawakusoma Walawi kwa makini. Sheria ya Musa nayo humhesabu kuwa najisi mtu aliyegusa maiti, nayo haimwulizi alikusudia nini. Mzee wa Kikuyu aliyesikia Hesabu 19 ikisomwa aliifahamu kuliko aliyemsomea.

Tofauti iko mahali pengine, na mwalimu asipoionyesha amepoteza kazi. Thahu haina mwenye kuumizwa. Ni uchafu umkaao mtu, ukiondolewa umeondolewa. Lakini dhambi ya Daudi ilikuwa na mwenyewe: Uria alikuwa amekwisha kufa, na hapana maji yaliyoweza kumrudisha. Mkristo mpya aliyezoea thahu alitazamia ubatizo umfanyie lile mganga alilomfanyia, upesi na kwa ukamilifu. Naye akitenda dhambi baada ya kubatizwa, alishikwa na hofu ya ajabu, au alitafuta kubatizwa tena. Asidhani mtu ya kuwa kosa hilo ni la Waafrika peke yao. Kaisari Konstantino alingoja hata kitanda cha kufa, mwaka 337, ndipo akabatizwa. Na wengi wa zamani zake walifanya vivyo hivyo, kwa kuhofu kuyachafua maji ambayo hayarudiwi.

Kanisa la zamani katika Afrika lilipigana na swali lilo hilo. Mwaka 250 Kaisari Dekio aliwaamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu ya Rumi. Huko Karthago Wakristo wengi walitoa, na wengine walinunua vyeti vya uongo vya kuonyesha kwamba wametoa. Dhiki ilipopungua walitaka kurudi. Askofu Kipriano na maaskofu wenziwe walikutana mwaka 251, wakaamua ya kuwa mlango haukufungwa, lakini walioanguka watubu kwanza, kila mtu kwa kadiri ya kuanguka kwake. Huko Rumi Novatiano alikataa asirudishwe hata mmoja, akajitenga na wake. Kipriano mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258.

Katika makanisa yetu neno la kuanguka na kurudi lilipata umbo lake lenyewe. Wakatoliki walilitwaa "tubu" la Kiarabu wakalitia katika kiunzi cha Kibantu, wakapata "kitubio," na tendo la kumweleza padre wakaliita "kuungama." Walutheri waliwatenga waliokosa na meza ya Bwana, na aliyetubu husemwa "amerudi kundini," akisimama mbele ya ushirika wote. Ni usemi mzuri, wenye mchungaji na kondoo ndani yake. Lakini tumeona pia unavyoharibika. Mtu husema, "Nitarudi kundini mwezi wa tano," kama asemavyo atalipa kodi mwezi wa tano. Na wasichana waliopata mimba husimama mbele peke yao, na mwanamume aliyehusika ameketi katika kwaya.

Ndipo ulipokuja uamsho. Mwaka 1929 daktari Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, nao wakasoma Maandiko na kusali pamoja. Nduguye Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa shemasi na mwalimu pale Gahini. Alikufa mwezi wa Januari 1936, akiwa kijana. Tangu Gahini moto ulienea hata Kigezi, Buganda, Bukoba na Kenya. Watu waliitwa Walokole, yaani waliookoka. Walikiri dhambi zao hadharani, wakizitaja kwa majina, na wimbo wao wa Kiganda uliimbwa kila mmoja wao alipokiri. Wengi wa wachungaji walichukizwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, akiwamo William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kunyamaza. Katika Kenya, wakati wa viapo vya Mau Mau uliofuata mwaka 1952, ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, na damu ya mbuzi hawawezi kuichanganya nayo. Na wengine waliuawa kwa neno hilo.

Kasoro zao twazijua. Kukiri hadharani kuliwaumiza watu wasiokuwapo na wasioulizwa, na wengine walianza kuwapima Wakristo wenzao kwa wingi wa machozi. Lakini katika jambo la maneno walifanya kitu ambacho kamati za ufasiri hazikuweza kukifanya. Walilirudisha deni ndani ya dhambi. Mtu aliyetubu hakuridhika kusema ametakaswa. Alilirudisha jembe aliloliiba, alilipa fedha aliyoificha, alikwenda kwa jirani aliyemchongea akamwambia. Kwa Kiswahili waliliita jambo hilo "kutengeneza": "Nimekuja kutengeneza nawe." Ni neno la fundi, la mtu mwenye kiti kilichovunjika na gundi mkononi, wala hakuna mwanachuoni aliyelipendekeza. Mwenye jembe hupokea jembe lake mlangoni, mara nyingi mpini ukiwa umekwisha kubadilishwa, na wawili hao husimama kitambo bila kujua waseme nini, kwa kuwa hapana sala iliyoandikwa kwa ajili ya saa hiyo.